Habari ya Vitufe na Mashine Iliyo Mbali

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wamekwisha kuiona kompyuta, ama katika ofisi ya kata, ama shuleni, ama mikononi mwa watoto wao waliokwenda mjini wakarudi nayo. Walakini habari nitakayoieleza si ya kompyuta moja iliyo mezani pa mtu. Ni habari ya kompyuta mbili zinazosemezana, moja ndogo iliyo mbele yako, na moja yenye nguvu iliyo mbali usiyoiona kwa macho; na zaidi ya hayo ni habari ya vitufe, maana hapo ndipo sisi walimu wa huku delta tulipopata taabu, na ndipo jina la mtoto wa watu lilipokuwa karibu kuharibika.

Asiyefika huku sharti kwanza aambiwe hali ya nchi. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika ukawa mito mingi, na kati ya mito hiyo kuna visiwa na msitu wa mikoko ulio miongoni mwa iliyo mikubwa kabisa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mkuranga, ikafika Kibiti, ikaendelea Ikwiriri na daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hata Lindi na Mtwara. Mtu ajaye kwetu hafiki darajani. Hushika njia ya Nyamisati, pale wanapopandia chombo watu waendao Mafia, na kutoka hapo safari yake ni ya mashua. Nayo mashua haifuati saa ya ukutani, hufuata maji kujaa na kupwa. Mwalimu aliyepangiwa kazi huku hujifunza bamvua na maji mafu kabla hajayajua majina ya wanafunzi wake. Kwa hiyo Kibiti, penye ofisi za wilaya na umeme na maduka, ni mbali kuliko ramani isemavyo.

Basi shule yetu ilipewa kompyuta 12 zilizokwisha kutumika Ulaya: 8 zilitoka Uholanzi na 4 zilitoka Uingereza. Zilikuwa nzima, lakini ni za zamani na kumbukumbu zake ni ndogo, hata programu za siku hizi zilizilemea kama gunia la mpunga juu ya kichwa cha mtoto. Umeme wetu ni wa jua, nao hautoshi kuendesha mashine kubwa. Mwalimu mwenzangu mmoja aliyeko Kibiti, ambaye amesomea mambo haya kuliko sisi, akatushauri tusiweke kazi katika mashine hizi hata moja. Akasema, "Mwalimu, tuweke mashine moja yenye nguvu huku mjini, na hizo zenu ziwe madirisha tu ya kuchungulia." Tukafanya hivyo. Seva ikakaa Kibiti, nasi tukawa twaifikia kwa modemu ya mtandao wa simu, iliyofungwa juu ya mlingoti ipate kuuona mnara.

Jambo hili si geni duniani. Kabla kompyuta ndogo hazijaenea, watu wa vyuo na mabenki walikuwa na mashine moja kubwa katika chumba chake, na kila mfanyakazi alikuwa na kioo na vitufe tu, visivyo na akili ya peke yake. Kituo cha namna hiyo kilichojulikana sana ni VT100, kilichotolewa na kampuni ya Digital ya Marekani mwaka 1978. Baadaye kila mtu akapata kompyuta yake, na mtindo ule ukaonekana kuwa wa kizee, kisha ukarudi. Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows NT ya kutumiwa na watu wengi kwa mbali, na mwaka 1999 Mmarekani aitwaye Jim McQuillan alianzisha mradi wa Linux wa namna hiyo hiyo, ambao ulifaa sana kwa shule zenye mashine kuukuu. Yetu ni ya Windows, kwa sababu ndiyo aijuayo mwenzangu.

Ili nieleweke, nitatoa mfano. Fikiri ya kuwa wewe uko delta, na karani wako yuko Kibiti ameshika kalamu. Wewe hushiki kalamu hata kidogo. Unamtamkia maneno, naye anayaandika, na kila aandikapo anakuonyesha karatasi kwa kioo. Unaloliona mbele yako si karatasi, ni sura ya karatasi; karatasi yenyewe iko Kibiti. Faida yake twaiona sana huku. Umeme wetu ukikatika, kioo huzimika, lakini karani hakuondoka mezani pake. Umeme ukirudi, unaingia tena, na unakuta neno uliloliacha nusu likikungoja pale pale. Mwezi wa Aprili 2024, mafuriko yalipoingia katika vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, kabati letu la madaftari liliingia maji na wino ukayeyuka. Orodha zilizokuwa katika seva hazikulowa.

Lakini karani husikia nini? Hapa ndipo penye siri. Watu hudhani kwamba ukibonyeza kitufe kilichochorwa A, herufi A ndiyo iendayo. Sivyo. Kitufe hakijui herufi. Kinajua nambari yake tu. Kitufe cha A hutuma 30. Cha L hutuma 38. Na kile chenye alama ya ritifaa, kilicho cha pili kuume kwa L, hutuma 40. Ukikiachia, hutuma nambari nyingine, iliyo sawa na ile ya kwanza na kuongezwa 128. Basi A ikiachiwa husema 158. Nambari hizo ndizo zisafirizo juu ya mikoko mpaka Kibiti, na huko, ndani ya seva, kuna jedwali linalosema: aliyetuma 30, mwandikie a, aliyetuma 40, mwandikie ritifaa. Majedwali hayo ni mengi, maana kila taifa lina lake. Michoro iliyo juu ya vitufe ni rangi tu juu ya plastiki, mashine haiisomi.

Sasa nije kwenye taabu yenyewe. Katika Kiswahili tuna sauti moja itokayo puani, tunayoiandika ng', kama katika ng'ombe na ng'ambo, nayo ni mbali na ng ya ngoma. Waganda huandika sauti hiyo kwa herufi moja yenye mkia, ŋ. Sisi twaiandika kwa ritifaa, na faida yake ni kwamba ritifaa ipo katika kila mashine ya kuandikia duniani, huna haja ya kuagiza herufi ya pekee. Naliipenda sana desturi hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Hasara yake sikuijua mpaka zilipokuja kompyuta hizi.

Tulikuwa tukiandika orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne. Kazi hiyo haitaki mzaha. Jina likiandikwa vibaya hapo, litachapwa vibaya katika cheti. Na mtu mwenye cheti chenye jina moja na hati ya kuzaliwa yenye jina jingine atahangaika kwa viapo na nauli pale atakapotaka kazi au chuo, na nauli ya kwetu ni ya mashua kwanza, kisha gari. Kwa hiyo desturi yetu ni kuibandika orodha ubaoni siku kadhaa kabla haijapelekwa, ili wazazi waje wasome wenyewe.

Mzee mmoja mvuvi akaja, baba wa msichana hodari katika hesabu. Jina la ukoo wake sitaliandika hapa, maana ni mali yake. Nitaliazima jina la mti, mng'ongo, ule ambao matunda yake watu hula na tembo hupenda, kwa kuwa lina umbo lile lile. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu," lakini macho yake yalikuwa ubaoni. Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa Mngóngo. Akaweka kidole juu ya ile o, akasema, "Mwanangu, huyu amevaa kofia. Kwetu hatuna mwenye kofia. Tena jina la babu yangu husemwa kwa pua, na hili hapa lasemwa kwa mdomo."

Alisema kweli kwa pande zote mbili. Nikaipitia orodha yote, nikaona kila penye ng' ritifaa imetoweka, na irabu iliyofuata imepata mkwaju juu yake. Ng'ombe amekuwa ngómbe, ng'ambo imekuwa ngámbo, na nge mwenyewe, yaani ng'e, amekuwa ngé. Tena barua za mkuu wa shule zilikuwa na ajabu nyingine: kila mahali alipofungua alama za kunukuu mbele ya irabu, alama ilimezwa na irabu ikaota nukta mbili, hata neno "Asante" likaanza kwa Ä. Mwalimu wetu wa historia akacheka akasema kwamba katika delta hii neno moja tu lina haki ya nukta mbili, nalo ni jina la manowari Königsberg ya Wadachi, iliyozama katika mto huu tarehe 11 Julai 1915, nayo haikuomba ruhusa kwa mtu.

Nikampigia simu mwenzangu wa Kibiti. Akaifungua orodha ile ile, katika seva ile ile, akaandika mng'ongo, na neno likatoka vema bila kofia. Nami nikaliandika huku delta, likatoka na kofia. Yeye aseme seva ni nzima, mimi niseme jina ni bovu; na sote wawili twasema kweli. Haya yaliendelea siku kadhaa, na mzee alikuwa amekwisha kuniambia kwamba atarudi maji ya bamvua yajayo kutazama.

Aliyefungua fundo ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, msichana mwenye tabia ya kubonyeza kila kitu. Akaniita, "Mwalimu, njoo uone. Ukigonga ritifaa haitoki. Ukigonga kitufe cha nafasi baada yake, inatoka." Nikatazama, na ndivyo ilivyokuwa. Kitufe cha 40 kilikuwa hakiandiki, kilikuwa kinangoja. Kilingoja kione ni nani anakuja nyuma yake. Akija mwenye irabu, kinampanda kichwani. Ikija nafasi tupu, ndipo kinapojitokeza chenyewe. Na huku kwetu si rahisi kuligundua jambo hilo, kwa sababu mtandao nao ni mzito, na kila herufi hukawia kidogo kabla haijaonekana. Mtu asiyeona ritifaa hudhani iko njiani.

Ndipo nilipofungua mipangilio ya ile mashine ndogo. Katika zile 8 za Uholanzi, jedwali la vitufe lilikuwa si la Marekani la kawaida, bali lile liitwalo la Marekani na Kimataifa. Waholanzi hulitumia sana nyumbani kwao, tena kwa haki, maana lugha yao inahitaji é na ë, na jedwali hilo huwawezesha kuziandika kwa vitufe vya kawaida. Aliyezitumia mashine hizo zamani hakukosa lolote. Zilisafiri tu na desturi za kwao, kama mgeni anayevua viatu mahali ambapo wenyeji hawavui.

Lakini lilibaki swali moja, nalo ndilo lililonifundisha zaidi. Ikiwa jedwali limo ndani ya seva, na seva iko Kibiti na ni nzima, kwa nini ifuate desturi ya mashine ya Uholanzi iliyo delta? Mwenzangu akanieleza. Mashine ndogo inapobisha hodi kwa seva, kabla ya jambo lolote hujitambulisha, na katika kujitambulisha hutaja nambari ya jedwali lake: 409 ni la Marekani la kawaida, 809 la Uingereza, 20409 ni hilo la Kimataifa. Seva, kwa adabu, humwandikia kila mgeni kwa jedwali la kwao. Kwa hiyo karani ni mmoja, meza ni moja, lakini akimsikia mgeni aliyesema 20409 huchukua kitabu kingine. Mwenzangu alipoandika akiwa amekaa mbele ya seva yenyewe, kitabu kile hakikufunguliwa kamwe.

Dawa ilikuwa ya namna mbili, nasi tukazitumia zote. Kwanza, katika kila mashine ya delta tuliliondoa kabisa lile jedwali la Kimataifa tukabakiza la Marekani la kawaida. Nasema kuliondoa, si kuliweka pembeni. Likiwa pembeni, mtu akibonyeza Ctrl na Shift pamoja bila kukusudia, mashine huruka kutoka jedwali hili hadi lile bila kumwambia, na watoto hubonyeza viwili hivyo kila saa. Pili, mwenzangu aliandika katika daftari la ndani la seva neno moja refu, IgnoreRemoteKeyboardLayout, akalipa thamani ya 1, akaizima seva na kuiwasha. Neno hilo laiamuru seva isikubali jedwali la mgeni, ishike lake. Tena tuliwaambia walimu wote watoke kabisa, wasikate uzi tu, kwa maana aliyekata uzi huacha kikao chake wazi Kibiti, na akirudi hukuta kikao kile kile na jedwali lile lile la zamani.

Orodha yenyewe haikutupa kazi kubwa. Kiswahili hakina irabu zenye mkwaju. Basi kila penye á, é, í, ó au ú baada ya ng, ni ritifaa iliyomezwa. Tuliiamuru programu ya kuandikia itafute ngá popote ilipo iweke ng'a, na kuendelea hivyo kwa irabu zote tano. Kisha tukasoma jina kwa jina kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akitazama daftari la uandikishaji, maana mashine hurekebisha iliyoambiwa tu.

Zile 4 za Uingereza zilikuwa na kisa chao, nitakipitia upesi. Zilichorwa Kiingereza cha Uingereza, lakini mtu aliyezisafisha mjini alikuwa amezipa jedwali la Marekani. Katika vitufe vya Waingereza alama ya @ iko pamoja na ritifaa, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Kwa Wamarekani ni kinyume chake. Ng' ilitoka vema, kwa sababu kitufe cha 40 peke yake ni ritifaa kwa wote wawili. Lakini neno la siri la mkuu wetu lilikuwa na @ ndani yake, na neno la siri huonekana kama nukta tu, hujui umeandika nini. Mkuu alibisha hodi mara nyingi hata mlango ukafungwa. Tuliandika upya rangi ya vitufe viwili kwa wino usiofutika, na amani ikarudi ofisini.

Baada ya hayo nikaanza kujifunza habari ya njia za mkato, yaani kubonyeza vitufe viwili au vitatu pamoja ili kazi ifanyike bila kutumia kipanya. Mjini mtu aweza kuzidharau. Huku ni chakula. Ukifungua orodha ya kazi kwa kipanya, picha ya orodha hiyo yote lazima isafiri toka Kibiti mpaka delta. Ukibonyeza Ctrl na S, nambari chache tu zimekwenda, na kazi imehifadhiwa. Siku ambazo mtandao ni mzito sana, mwalimu ajuaye vitufe humaliza barua wakati ajuaye kipanya bado anangoja dirisha lifunguke.

Taabu ni kwamba njia za mkato nyingine zina mabwana wawili. Ukibonyeza Alt na Tab ili kuruka toka dirisha moja hadi jingine, je, ni madirisha ya mashine ndogo au ya seva? Zote mbili zaijua amri hiyo, na iliyo karibu ndiyo husikia kwanza ikaichukua. Dawa yake imo katika ile programu ya kuunganishia. Kabla hujabisha hodi, fungua mahali paonyeshapo chaguo zote, tafuta sehemu ya vitufe, utaona chaguo tatu: amri zisikike kwenye mashine hii, zisikike kwenye ile ya mbali, au zisikike kwa mbali pale tu ambapo seva imejaza kioo chote. Sisi tulichagua ile ya tatu. Naiona ni bora, kwa sababu mtoto hupata alama ya kumwongoza: kioo kimejaa, uko Kibiti, kioo hakikujaa, uko kwenu.

Iko amri moja ambayo haisafiri kamwe, hata ufanyeje, nayo ni Ctrl, Alt na Del pamoja. Mashine iliyo mbele yako huishika daima, kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo wenye programu wameweka badala yake: Ctrl, Alt na End, nayo ndiyo tunayoitumia kubadili maneno ya siri. Ziko na nyingine za kuazima kwa wakati ambapo kioo hakikujaa: Alt na Page Up huruka baina ya madirisha ya seva, Alt na Home hufungua orodha ya kuanzia, na Ctrl, Alt na Break hujaza kioo au kukipunguza.

Jambo jingine limewatoa jasho wengi. Wakati mwingine seva huanza wazimu: ukiandika f, orodha hufunguka, ukiandika herufi yoyote, jambo jingine hutokea, wala hakuna herufi inayoandikwa. Mtu asiyejua huzima kila kitu. Kumbe sababu yake ni ile niliyoitaja, kwamba kubonyeza na kuachia ni habari mbili mbalimbali. Ulibonyeza Alt, habari ikafika. Kabla hujaachia, mtandao ukakatika, au mashine ndogo ikaichukua amri katikati ya njia. Habari ya kuachia haikufika. Kule Kibiti karani angali akiamini kwamba kidole chako kiko juu ya Alt. Mguse tena: bonyeza Alt mara moja uachie, kisha Ctrl, kisha Shift, na wazimu huisha.

Watoto nao wana kosa lao, kubonyeza tena na tena herufi isipoonekana upesi, hata neno likatoka na herufi sita za namna moja. Mimi huwaambia hivi. Ukiwa ukingoni mwa mto na chombo kiko ng'ambo, unaita mara moja, "Chombo!", kisha unangoja, ukiita mara sita, hakiji chombo kimoja upesi, na nahodha atadhani pana msiba. Mfano huo wanauelewa upesi kuliko maelezo yangu ya nambari.

Walimu wengine walitaka tubuni njia za mkato za kwetu wenyewe kwa kila kazi, kitufe cha alama, kitufe cha salamu za mwisho wa barua, na kadhalika. Programu ya kuandikia yaruhusu. Mimi nilipinga, isipokuwa kwa chache. Mwalimu huku hukaa miaka michache akahamishwa, na vidole vyake huhama naye. Akifika Njombe au Kigoma na vidole vilivyofunzwa desturi ya shule moja ya delta, atakuwa mgeni tena. Tukakubaliana kubuni mbili tu, tena kwa vitufe ambavyo mashine ndogo haivitaki: kimoja cha kuweka tarehe, na kimoja cha kuandika ng' yote kwa mguso mmoja, kwa ajili ya siku ambayo jedwali la Kimataifa litarudi bila kuitwa.

Yule mzee alirudi kwa maji ya bamvua kama alivyoahidi. Akaisoma orodha mpya polepole toka juu, si jina la bintiye tu bali na ya watoto wa majirani, akatikisa kichwa kukubali. Akaniuliza ile kofia imekwenda wapi. Nikamwambia imerudi Uholanzi.

Njia za mkato zote nilizozitaja nimeziandika kwa herufi kubwa katika karatasi moja iliyo ukutani karibu na mlango, pamoja na nambari za majedwali na lile neno refu la seva. Nimeifunika kwa nailoni kwa ajili ya unyevu wa mikoko. Nakala yake iko Kibiti kwa mwenzangu, ndani ya jalada lililo juu ya seva, ili akihamishwa, ajaye baada yake aikute.